Maswali tunayoulizwa kila tukirudi likizo: maisha na utumishi wetu Ahero, Kisumu

Kila tukishuka stendi ya Tukuyu, nyumbani kwetu Rungwe mkoani Mbeya, maswali huanza kabla mizigo haijateremshwa. Mengine hutufikia kwa simu, hasa kutoka kwa vijana wanaojiuliza kama nao wanaweza kutumwa Kenya kuwa wamisionari kama sisi. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia, ili wajomba na mashangazi wasituchoshe wakati wa chakula. Ninayeandika ni mimi, mama wa nyumba. Mume wangu amepitia na kufuta utani mahali pawili.

## Mambo ya mwanzo

Ahero ni wapi, na mlifikaje huko?

Ni mji mdogo wa soko katika tambarare ya Kano, kama kilomita 25 kutoka Kisumu mjini ukishika barabara ya Nairobi. Ardhi imelala kama mkeka. Kaskazini unaona ukuta wa milima ya Nandi. Huku chini ni mpunga, mto Nyando na joto. Sisi watu wa ukungu wa Rungwe mwezi wa kwanza tuliumaliza chini ya mwembe wa jirani, tukijipepea kwa vifuniko vya sufuria.

Tulifika 2018 kwa basi: Mbeya hadi Mwanza, tukalala, kesho yake Tarime, Sirari, tukavuka mpaka, Migori, Kisii, kisha Ahero. Kabla ya mpaka walipanda abiria Wajaluo wa Rorya, Watanzania wenzetu, wakatufundisha salamu ya kwanza: *Oyawore*. Ni ya asubuhi. Tuliitumia hadi saa mbili usiku na hakuna aliyetucheka usoni.

Kenya si imejaa makanisa? Mmekwenda kumhubiria nani?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wazee wa usharika wanaochangia nauli yetu, na wana haki ya kuuliza. Ni kweli, makanisa yamejaa. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na wamisionari wakaifuata kama siafu: Marafiki, wale wanaoitwa Quakers, wakaanza Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakafungua Maseno 1906, mwaka huohuo Waadventista wakapiga kambi Gendia, karibu na Kendu Bay. Kwetu Rungwe Wamoravian walikuwa wamefika 1891. Tumepishana miaka kumi na moja hadi kumi na mitano tu na hawa tuliotumwa kwao.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa amekaa Ahero akisubiri tumletee jina la Mungu. Nyasaye, jina wanalomwita Wajaluo na majirani zao Waluhya, ni la zamani kuliko reli. Kanisa mwenyeji lilituita kwa mambo mawili: mume wangu awafundishe wainjilisti wa vijijini, ambao wengi huongoza ibada miaka na miaka bila kuwahi kukaa darasani; nami niwafundishe wajane na wasichana kushona. Mengine yote tunayofanya yalizaliwa hukohuko.

Lakini mmisionari si ni mzungu?

Wenyeji nao walidhani hivyo. Siku ya kwanza kutambulishwa kanisani, mzee mmoja alichungulia nyuma yetu kuona kama mzungu bado yuko kwenye gari. Gari lenyewe lilikuwa bodaboda mbili.

Mkanganyiko huu una gharama. Mmisionari wa mawazoni ana pikapu, anachimba kisima, analipa ada. Mmisionari Mtanzania anakopa unga dukani kama wewe. Wapo waliokata tamaa nasi mapema, wakaacha kuja. Waliobaki walikuja kwa sababu nyingine, na hao ndio tunaokaa nao hadi leo.

Huwa namkumbusha mume wangu habari za Gendia. Arthur Carscallen, Mkanada, alipofika pale 1906 aliongozana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Yaani tangu siku ya kwanza ya misioni ile, mmoja wa wamisionari wake alikuwa mtu mweusi kutoka upande wa pili wa Ziwa Nyasa, ziwa ambalo sisi wa Kyela na Rungwe tunalijua. Wanaosimulia historia humtaja Carscallen na kunyamaza. Mimi hutaja wote wawili, kwa makusudi.

Mnafanya nini kutwa?

Watu hutarajia niseme mikutano ya injili. Kwa kweli mkutano mkubwa wa hadhara tumefanya mmoja tu, na mvua iliufunga.

Jumatatu tunafua na kupumzika. Jumanne hadi Alhamisi mume wangu ana wainjilisti wake, ila msimu wa kupalilia mpunga darasa huhamia jioni kwa sababu asubuhi wote wako majini. Mimi nina vyerehani vitano na wanafunzi ambao idadi yao hutegemea nani ana mtoto mgonjwa. Ijumaa na Jumamosi ni matanga (nimeyaeleza peke yake chini, maana ni habari ndefu). Jumapili ni ibada, na ibada ikiisha ni kutembelea wagonjwa, wakati mwingine hadi Kisumu kwenye hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mwanzoni nilipoambiwa jirani amepelekwa Russia, nilishangaa familia ile imepata wapi nauli.

Kati ya hayo yote kuna kukaa. Mgeni anakuja saa nne asubuhi, anakunywa chai, hasemi kilichomleta mpaka saa saba. Mwaka wa kwanza nilihesabu saa hizo kama zimepotea.

## Lugha na majina

Kiswahili si kinatosha huko?

Kinatosha sokoni na ofisini. Kwa mgonjwa, kwa bibi kizee na kwa mtu anayelia, hakitoshi. Hapo ni Dholuo.

Na Dholuo si ndugu wa lugha zetu. Kinyakyusa na Kiswahili ukivisogeza karibu vinasalimiana. Dholuo ni lugha ya Waniloti, jamaa zake ni Waacholi wa Uganda. Hakuna ngeli za kushikilia. Tulijifunza kwa mwalimu mstaafu, jioni tatu kwa wiki, miaka miwili. Mume wangu sasa anaomba kwa Dholuo bila karatasi, lakini mahubiri bado anatumia mkalimani. Mkalimani huyo ana kipaji: sentensi ya mume wangu ya dakika moja yeye huimaliza kwa maneno manne, na watu huitikia amina kwa ile ya maneno manne.

Kiswahili chenyewe nacho kina mitego yake. Dagaa huku ni omena, sangara ni mbuta, sato ni ngege. Karanga ni njugu, mtindi ni mala, giligilani ni dhania, umeme ni stima, ada ni karo, msiba ni matanga. Hayo utayazoea kwa wiki mbili. Kilichonichukua muda ni adabu. Sisi husema "naomba chai". Huku mtu mwema kabisa, mzee wa kanisa, atakuambia "nipe chai" na hajakukosea lolote. Watoto wetu waliposema shikamoo, wakubwa walijibu "poa" au wakacheka. Tuliendelea kuwafundisha, na leo kuna bibi wawili mtaani wanaopita mlangoni kwetu ili tu waamkiwe.

Wanawaitaje?

Mume wangu ni "Pasta", hakuna zaidi. Mimi ni *Nyar Mbeya*, binti wa Mbeya, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka. Nilipewa jina hilo na mama mwenye nyumba tunayopanga, bila sherehe, kwenye foleni ya maji. Nimeshapokea vyeti vya kozi mbalimbali maishani. Hakuna nilichokipokea kwa furaha kama hiyo.

## Nyumba, chakula, afya, fedha

Mnakula nini? Mnakosa nini?

Ugali, samaki, sukuma wiki, na mboga za kienyeji chungu ambazo hupikwa na maziwa mpaka zinalainika. Mchele upo mlangoni. Tunakosa ndizi za kupika za Rungwe. Zinazofika hapa kutoka Kisii ni nzuri, lakini mume wangu huzila kama mtu aliyefiwa.

Je, malaria?

Ipo, na mashamba ya mpunga yanaifuga. Sisi tulitoka kwenye baridi, miili yetu haikuwa na mazoea nayo: mume wangu aliugua mara mbili katika miezi mitatu ya kwanza. Neti kila usiku, hata wakati wa joto ambapo unahisi unafungiwa ndani ya sufuria. Homa ikianza, tunapima siku hiyohiyo. Kanda hii ya ziwa ndiyo iliyochaguliwa Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo, Septemba 2019, uzinduzi ukiwa Homa Bay. Kuna mama aliyenijia kuuliza kama chanjo ile ni njama. Nilimsindikiza kliniki badala ya kubishana naye.

Na mafuriko tunayoyaona kwenye habari?

Nyando hufurika wakati wa masika. Mwaka 2020 ulikuwa mbaya: shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, basi familia zilizohamishwa na maji zikalala madarasani. Nyumba yetu iko kwenye mwinuko mdogo, maji yaliishia kizingitini. Vyerehani tulivipandisha juu ya meza, na meza juu ya matofali. Majirani ambao wameyaona maji haya tangu utoto walitutazama tukihangaika, kisha wakaja kutuonyesha kwamba kuku ndio wa kwanza kupandishwa.

Watoto wanasoma wapi?

Shule ya msingi ya hapa, pamoja na wa jirani. Hili ndilo lililotuumiza kuliko malaria. Mkubwa wetu alikuwa amesoma kwa Kiswahili mpaka darasa la tatu. Huku masomo ni kwa Kiingereza. Alirudi nyumbani siku nyingi akiwa kimya. Mwalimu mmoja aliandika kwenye daftari lake kwamba ni mzito wa akili. Tulikwenda kuzungumza, hatukusikilizwa, tukamhamisha. Sasa yuko sawa, na insha zake za Kiswahili husomwa mbele ya darasa, ingawa mwalimu na yeye bado hawajakubaliana kuhusu "stima".

Ukija na mtoto aliyezidi miaka minane, mwanzishe Kiingereza nyumbani mwaka mzima kabla ya safari. Hatukuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Nani anawalipa? Na vibali?

Usharika wetu wa nyumbani na nyumba chache za marafiki. Shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu, hupanda na kushuka, kwa hiyo sadaka inayoonekana nzito Tukuyu huku hununua gunia la unga na kusita. Hela inakuja kwa simu. Mimi nina biashara ndogo ya sare za shule, nayo hutoa mboga.

Kibali cha wamisionari Kenya ni cha daraja la I. Hiyo ni herufi, si namba ya Kirumi, na nimeona watu wakijaza fomu vibaya. Kanisa mwenyeji lililosajiliwa ndilo linalokuombea. Kuwa raia wa Afrika Mashariki kunakurahisishia kuingia na kukaa kama mgeni. Hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Usianze kazi ukisema "kibali kitakuja".

## Matanga na mila

Kwa nini kila barua yenu ina msiba?

Kwa sababu hapa ndipo maisha ya watu yanapokutana. Mjaluo hazikwi makaburi ya mji kama anaweza kuepushwa. Mwili hurudi nyumbani, kwenye boma lake, hata kama alifia Nairobi au Mombasa. Kwa hiyo kuna kamati, kuna michango ya kulipia hospitali na chumba cha maiti, kuna hema, vipaza sauti, ng'ombe, na siku kadhaa za maombi ya jioni kabla ya Jumamosi ya mazishi. Kaunti za ukingo wa ziwa ndizo zilizoumizwa zaidi na Ukimwi nchini Kenya, na ingawa dawa zimebadilisha mengi, bado kuna maboma ambako bibi analea wajukuu sita peke yake.

Mwaka wa kwanza mume wangu alikwenda kwenye matanga kama mhubiri: alifika saa ya ibada, alihubiri, aliondoka. Watu walimshukuru kwa adabu na hawakumwambia kitu. Mwaka wa pili tulifiwa na mwanafunzi wangu mmoja wa kushona. Sikuwa na la kusema, basi nikaenda Jumatano nikachambua mchele na wanawake wengine, nikarudi Alhamisi, nikalala Ijumaa kwenye mkeka pamoja nao. Tangu wiki ile wanawake walianza kuniambia mambo yao. Kazi yangu yote ya sasa imetoka kwenye ule mchele.

Ukija, usiulize ratiba ya mazishi. Uliza kuni ziko wapi.

Mnafanyaje na mila zinazopingana na imani?

Inategemea mila. *Tero buru*, ambapo wanaume hukimbiza kifo kwa ng'ombe na mikuki baada ya mzee kufariki: tunakaa pembeni na wazee wa kanisa, hatuhubiri dhidi yake siku hiyo. Kurithi wajane ni jambo jingine. Mjane akitaka kukataa, tunasimama naye waziwazi, na tunakwenda tukiongozana na wazee wa kanisa wa ukoo wake, kamwe si peke yetu. Mgeni akisema peke yake, mjane ndiye atakayelipa tukishaondoka.

Kuna pia *chira*, ule ugonjwa wa kukonda unaosemwa humpata aliyevunja mwiko. Tulikuta watu wakiacha dawa za Ukimwi kwa kuamini ni chira. Hapo hatunyamazi. Lakini anayesema ni muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa hapa, na mume wangu humpa nafasi kanisani baada ya matangazo.

Wale wa vilemba na ngoma ni dini gani?

Ni Wakristo wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, nayo ni mengi. Legio Maria walijitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. African Israel Nineveh ilianzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, upande wa Vihiga. Wapo na makanisa ya Roho, yenye misalaba myekundu kwenye kanzu. Tulipofika tulionywa tukae nao mbali. Nusu ya wanafunzi wangu wa kushona ni wa huko, na kanzu zao ndizo zilizowafundisha kushona ukingo ulionyooka.

## Mambo magumu

Watu wakiomba pesa mnasemaje?

Tunasema tulicho nacho. Mwanzo tulitoa kwa siri na tukajikuta wakopeshaji wa mtaa. Sasa maombi makubwa yanakwenda kwa mashemasi, ambao wanajua nani ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Chakula cha siku moja tunatoa bila kuuliza. Kosa letu lingine lilikuwa kutokubali kupokea: tulikataa kuku wa mama mmoja maskini tukidhani tunamhurumia. Hakuja kanisani miezi miwili.

Siku za uchaguzi mnakuwaje?

Kisumu ina kumbukumbu mbaya za 2007 na 2017. Agosti 2022 tuliweka unga, maji na mafuta ya taa, tukabaki nyumbani na kuomba na majirani. Sisi ni wageni: hatusemi jina la mgombea yeyote, wala kwa utani, wala madhabahuni, wala kwenye kundi la simu.

Ikitokea mmoja wenu amefia huko, atazikwa wapi?

Mlidhani sitajibu hili. Usharika wa nyumbani haukuwahi kuuliza. Aliyeuliza ni mama mwenye nyumba, tukimenya viazi. Kwake lilikuwa swali la kawaida kama kuuliza tunalipa kodi tarehe ngapi. "Mtu hakai nyumba ya kupanga akiwa amekufa," alisema. "Boma lenu liko wapi?"

Tuliandika makubaliano: mwili usafirishwe kupitia mpaka wa Isebania hadi Tukuyu, gharama zigawanywe kati ya makanisa mawili, nakala ibaki kwa mchungaji mwenyeji. Tulipomsomea, mama alitaka kiongezwe kifungu kimoja, kwamba kabla ya safari mwili ulale usiku mmoja bomani kwake, wanawake wapate kuimba. Kimeongezwa. Ni kifungu cha nne, na alikitia dole gumba yeye mwenyewe.